Kichwa cha mtoto na umbali wa hospitali



Mwezi wa Rajab nilialikwa Mikumi kwenye khitma ya jamaa yetu. Baada ya chakula nilikaa mkekani upande wa akina mama, jirani na bibi mmoja wa Kidodi aliyempakata mjukuu wake wa kiume wa miezi mitatu. Joto lilikuwa kali, lakini mtoto alikuwa amefunikwa kichwa kwa khanga iliyokunjwa mara mbili.

“Shikamoo bibi. Mtoto hasikii joto?”

“Marahaba mwanangu. Anasikia, lakini watu wana macho.”

Tulizungumza mengine, mahindi na mvua, kisha mwenyewe akaifunua khanga. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko kifua. Ngozi ya paji la uso imevutika mpaka inang'aa, mishipa imejichora, utosi umetuna. Macho ya mtoto yalikuwa yameelekea chini, weupe ukionekana juu ya mboni, kama jua linalotaka kuzama.

Nilimuuliza kama mtoto aliwahi kuugua. Akasema siku ya saba walipomnyoa nywele za akika kichwa kilikuwa kama cha mtoto yeyote. Wiki ya pili akapata homa na degedege, akalazwa, akapona, wakamshukuru Allah. Mwezi mmoja baadaye ile kofia aliyoshonewa ikawa haiingii. Tangu hapo wamezunguka kwa waganga watatu, na mama yake amerudishwa kwao Kidodi. “Baba yake anasema kwenye ukoo wao hakuna kichwa cha namna hii,” akasema bibi, akakirudisha kitambaa.

Nimeitafuta nafasi ya kuliandika jambo hili tangu siku ile. Hali aliyokuwa nayo mtoto yule ina jina, ina sababu, na ina tiba. Tena sehemu kubwa ya kinachojulikana leo kuhusu sababu na tiba hiyo kwa watoto wa Afrika hakikutoka London wala New York. Kilitoka Mbale, mashariki mwa Uganda, mji ambao familia nyingi za Kiislamu nchini zinaujua kwa sababu vijana wetu wanakwenda kusoma huko katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988.

Kwanza tuieleze hali yenyewe. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vyenye maji safi. Maji hayo hutengenezwa mchana na usiku, huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, maji hayaachi kutengenezwa. Vyumba hutanuka, ubongo hubanwa, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijaungana, kichwa hukua. Huku kwetu watu husema kichwa kikubwa, au kichwa maji. Asipotibiwa, mtoto hupoteza kuona, hushindwa kukaa, na wengi hufariki. Watafiti hukadiria kwamba duniani kote karibu watoto 400,000 hupatwa na hali hii kila mwaka, na sehemu kubwa yao ni wa bara letu.

Si maradhi mapya. Miaka elfu moja iliyopita huko Andalusi, tabibu wetu mkubwa wa upasuaji, Abul Qasim az-Zahrawi, aliyaandika katika kitabu chake cha at-Tasrif. Alieleza alivyomwona mtoto ambaye kichwa chake kiliongezeka siku hadi siku mpaka mwili ukashindwa kukibeba, mtoto akafa, na akaweka wazi kwamba kwa hali ya namna ile yeye aliona heri kutokata. Mimi napenda sana ukweli wa mtu yule. Alikuwa bingwa wa zama zake, na bado aliona aibu zaidi kunyamaza kuliko kukiri kushindwa.

Tiba iliyoenea duniani tangu miaka ya 1950 ni mrija mwembamba, ambao hospitalini huitwa shanti. Hupitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni, nao huyatoa maji yaliyozidi. Mmoja wa walioufanikisha alikuwa John Holter wa Marekani, na hakuwa daktari. Alikuwa fundi mitambo, mtoto wake mwenyewe alizaliwa na maradhi haya, akatengeneza vali yake kwa mikono yake. Mrija huo umeokoa roho zisizohesabika. Lakini una tabia moja mbaya: huziba, hukatika, au huingia vijidudu. Hata katika nchi ambazo hospitali haiko mbali na mlango wa nyumba, karibu nusu ya mirija wanayowekewa watoto huharibika ndani ya miaka miwili. Ikiharibika, mtoto anahitaji kufanyiwa upasuaji upesi, pengine siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo anapoingia mtafiti ninayetaka kumzungumzia, Dkt. Benjamin Warf, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kwa watoto kutoka Marekani. Mwaka 2000 alihamia Mbale na mkewe na watoto wao sita, kusaidia kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Hospitali ile ni ya shirika la Kikristo. Nalitaja hilo wazi ili lisije likamfikia msomaji kwa mlango wa nyuma akadhani nimelificha. Mtoto anayeumwa kichwa haulizwi dini, na elimu yenye manufaa hatuulizi imezaliwa nyumba gani.

Alipofika, akina mama walimjia na watoto kwa wingi ambao hakuutarajia. Angeweza kuwawekea wote mirija kama alivyofundishwa kwao. Lakini alijiuliza: mama huyu anarudi kijijini. Mrija ukiziba usiku wa mvua, atafika kwangu kwa njia gani? Swali hilo la umbali, ambalo kila mzazi wa Kilosa analijua bila kusomea chuo chochote, ndilo lililozaa maandiko yake yote muhimu.

Katika mwaka 2005 pekee alichapisha kazi kadhaa katika jarida la kitaalamu la Journal of Neurosurgery. Ya kwanza ilihusu watoto 300 wa Uganda, na ilionyesha kwamba zaidi ya nusu yao hawakuzaliwa na tatizo hili. Walilipata baada ya maambukizi, mara nyingi homa kali na degedege katika mwezi wa kwanza wa maisha. Vijidudu huingia kwenye ubongo, mtoto hutibiwa akapona homa, lakini makovu hubaki ndani na kuziba njia ya maji. Kabla ya hapo vitabu vingi walivyosomea madaktari viliandikwa kwa kuwatazama watoto wa Ulaya na Marekani, ambao sababu zao ni nyingine. Rudi sasa kwa yule bibi wa Kidodi: homa wiki ya pili, degedege, akapona, kisha kofia haiingii. Bibi alikuwa amenisimulia andiko lile lote, naye hajawahi kuliona.

Andiko jingine lilihusu fedha. Palikuwa na mrija uliotengenezwa India, unaouzwa takriban dola 35, na mwingine wa kampuni ya Marekani unaouzwa dola 650. Warf aliwafuatilia watoto 195 kwa mwaka mmoja, wengine wamewekewa huu, wengine ule. Hakukuonekana tofauti. Sijui kama kuna ukurasa wa utafiti uliowapunguzia akina baba wa Afrika Mashariki mzigo kuliko ule.

La tatu ndilo lililomfanya ajulikane. Kulikuwa na njia ya kutibu bila mrija: kuingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo na kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu, maji yakapata njia mpya ya kutokea. Upasuaji huo ulifanywa mara ya kwanza Boston mwaka 1923. Lakini kwa watoto wachanga ulikuwa haufui dafu. Warf aliuunganisha na njia nyingine ya zamani zaidi, iliyojaribiwa Marekani kisha ikaachwa, yaani kuchoma kwa umeme ile tishu inayotengeneza maji. Kwa hiyo tundu linaongeza njia ya kutokea, na kuchoma kunapunguza kinachoingia. Aliwafuatilia watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifanikiwa kwa asilimia 47, na njia mbili kwa pamoja zikafanikiwa kwa asilimia 66. Kwa waliozaliwa na mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi, asilimia 35 dhidi ya 76.

Msomaji makini atauliza, na wale waliobaki? Ndiyo, walishindwa, nao wamehesabiwa. Wengi wao walishindwa katika miezi sita ya mwanzo, wakati mama bado anarudi kliniki, wakawekewa mrija. Waliovuka miezi hiyo, wengi walivuka moja kwa moja. Mrija haukupi utulivu wa namna hiyo. Unaweza kuziba mwaka wa kwanza au wa kumi. Kwa anayekaa mbali, tofauti hiyo ni kubwa kuliko asilimia zenyewe.

Mwaka 2006 Warf aliondoka Mbale. Kazi iliendelezwa na Dkt. John Mugamba, Mganda aliyejifunza kwake, na madaktari wa nchi mbalimbali wakaenda pale kujifunza njia ile. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur. Hospitali za Marekani na Kanada nazo zikaanza kuijaribu njia ya Mbale, na hapa pana jambo la kutafakari: kwa muda mrefu tumezoea kuona elimu ya tiba ikishuka kutoka huko kuja kwetu, safari hii ikapanda kutoka kwetu kwenda huko. Nisitie chumvi, matokeo yao hayakufikia yale ya Mbale.

Wala yeye na wenzake hawakutosheka na sifa. Walifanya jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa Desemba 2017 katika New England Journal of Medicine likiongozwa na Dkt. Abhaya Kulkarni wa Toronto. Watoto 100 wa Uganda wenye umri chini ya miezi sita, wote waliougua baada ya maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu: 51 walifanyiwa njia ya kamera, 49 wakawekewa mrija. Baada ya mwaka mmoja walipimwa uwezo wao wa akili, na makundi mawili yalikuwa sawa. Upasuaji ulishindwa kwa asilimia 35 ya watoto wa kamera na asilimia 24 ya watoto wa mrija, tofauti ambayo kwa idadi ile ya watoto haikutosha kusema njia moja imeishinda nyingine. Mtu mwingine angelificha jambo hilo sandukuni, maana jina lake limejengwa juu ya njia ya kamera. Yeye jina lake limo miongoni mwa waandishi.

Maana yake kwa mzazi ni kwamba hakuna muujiza hospitalini, kuna uchaguzi. Na njia yoyote itakayochaguliwa, ubongo uliokwisha kubanwa miezi mingi haurudi ulivyokuwa. Waganga watatu wa yule bibi walimla wiki saba.

Swali lililobaki ni vijidudu gani hasa. Dkt. Steven Schiff na wenzake walilifuatilia pamoja na hospitali ile ya Mbale. Mwaka 2012 walionyesha kwamba wagonjwa wa Uganda huongezeka na kupungua kufuatana na misimu ya mvua. Mwaka 2020 wakachapisha kwamba katika maji ya ubongo ya watoto wengi walioathirika wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa haviwaoni. Ndugu zangu wa Kilosa, ninyi mnaoijua Mkondoa ilivyovunja kingo mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ikaacha maelfu bila makazi na kuikata reli, mnaelewa mvua inavyoweza kuwa habari ya hospitali pia. Utafiti ule ulikuwa wa Uganda, sitaki kuubandika kwenye mto wetu. Ninachosema ni kwamba kitovu kibichi cha mtoto si mahali pa kuweka udongo, majivu wala samadi, mvua iwe imenyesha au haijanyesha. Na mtoto wa chini ya mwezi mmoja akipata homa, au akiacha kunyonya, hospitali ni siku hiyo hiyo.

Kuhusu mgongo wazi, ambao mara nyingi huandamana na kichwa maji, kinga yake iko mapema kuliko wengi wanavyodhani. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, pengine mama hajajijua. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa kuanza kabla ya ujauzito. Serikali iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani, hiyo ikiwemo. Lakini wengi wetu huku tunakula dona la mahindi ya shambani, lililosagwa kwenye mashine ya jirani, na humo hakijaongezwa kitu. Wasimamizi wa ndoa, mnapowausia maharusi, litieni na hili neno.

Sasa turudi Mikumi. Siku ya pili tulikwenda na bibi na binti yake hospitalini, wakapewa barua ya rufaa ya Muhimbili. Mikumi ipo juu ya barabara kuu, basi la Dar es Salaam ni la kusimamisha tu, kilomita takriban 300. Nauli ilichangwa pale pale kwenye jamaa wa khitma. Niliwafuata baada ya siku chache, nikawakuta katika Taasisi ya Mifupa, MOI, ambako upasuaji wa ubongo hufanyika. Wodini palikuwa na akina mama kutoka mikoa mbalimbali, kila mmoja na kichwa cha mwanawe kwenye mkono, na kwa mara ya kwanza binti yule hakumfunika mtoto wake.

Daktari alipima, akatazama picha, kisha akauliza: “Mnaishi wapi, mama? Masika barabara inapitika?” Nilishtuka. Niliyasoma maneno hayo, kwa lugha nyingine, katika maandiko ya Mbale. Alieleza kwamba angependa njia ya kamera, lakini makovu ya maambukizi yalikuwa mengi pale ambapo tundu lingetobolewa, na nafasi ya kufanikiwa ingekuwa ndogo. Mtoto akawekewa mrija. Mama akafundishwa dalili za hatari: kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida, utosi kutuna tena, macho kushuka, homa, au wekundu kwenye ngozi unapopita mrija. Moja tu kati ya hizo, anza safari.

Baba mtoto alikuja siku ya nne. Alisimama mlangoni muda mrefu. Muuguzi mmoja alimwita, akamwonyesha picha ya ubongo, akamwelekeza kwa kidole maji yalipoziba na kwa nini. Hakusema neno, akatoka, akarudi na maziwa ya mkewe na nepi. Wazee wa pande mbili wamekwisha kukutana mara moja Kidodi, nami si mahali pangu kueleza walichozungumza. Ila nitasema hili kwa jumla, kwa kuwa si wao peke yao: kumrudisha mwanamke kwao kwa sababu ya njia ya maji iliyozibwa na homa ni dhulma, na masheikh wanaoombwa kuandika talaka ya namna hiyo wana haki ya kuuliza kwanza daktari amesema nini.

Kwa anayetaka kuanza leo, kinachohitajika ni tepu ya fundi cherehani. Izungushwe kichwani juu ya nyusi na pale nyuma palipotokeza zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha sentimita 35 hivi, na katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi. Kikienda haraka kuliko hapo, peleka kliniki na umwombe muuguzi akiandike kwenye kadi. Siku ya akika, nywele zikishanyolewa, ni siku nzuri sana ya kupima mara ya kwanza. Kichwa kiko wazi na shangazi wote wapo.

Familia imeamua kwamba masika haya mama na mtoto watakaa kwa shangazi yake Morogoro mjini, karibu na hospitali kubwa na nje ya barabara zinazokatika. Bibi alikuja kuwatembelea akapita sokoni Kilosa kununua tepu ya njano. Hupima kila Ijumaa, au humpigia binti yake apime, kisha hunipigia mimi. Siku ya upasuaji kichwa kilikuwa sentimita 46. Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka kuswali simu ikaita.

“Arobaini na tano na nusu, mwanangu. Kama wiki jana.”

“Ananyonya?”

“Ananyonya, na jana kamfuata paka kwa macho mpaka mlangoni.”